Kilo Saba za Mawe

Jumamosi, Bwera.

Mvua imetushukia tangu alfajiri, ile mvua ya mlimani isiyo na haraka, na turubai za kahawa hazikutandikwa kabisa. Roho yangu imechafuka. Nimeinunia mvua, nimemnunia Mama, nimewanunia hata kuku waliojibanza jikoni. Lakini nikisema ukweli, anayenichukiza leo ni mtu mmoja tu, naye ndiye ameshika simu hii anaandika.

Nimemfanyia binti wa watu ubaya. Nauandika hapa kwa sababu hapa hakuna macho ya kunitazama.

Kwa wasionijua: mimi ni Biira, nina miaka kumi na saba, nasoma shule ya kutwa hapahapa. Baba ananunua kahawa. Stoo yetu ina mizani ya kuning'inia, ile yenye uso wa saa na ndoano chini, na wakulima wanashuka milimani na magunia yao, wengine wanakuja kwa pikipiki kutoka Munkunyu. Wengi ni watu wa Mungu. Wachache wanatia mawe katikati ya gunia ili lipate uzito. Basi kazi yangu tangu nikiwa na miaka minane ni kupapasa magunia. Napitisha mkono juu ya gunia nakwambia jiwe liko wapi na limekaaje. Baba hujisifu kwa watu: huyu mtoto wangu hadanganyiki.

Hilo la kutodanganyika nitalirudia.

Kavira ni binti wa mama mdogo, yaani mdogo wake Mama aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Kongo, karibu na Beni. Ana miaka kumi na mitano. Vita vilipofika kijijini kwao walilala porini siku kadhaa wakila walichookota, kisha mama yake akamvusha mpakani Mpondwe, akamkabidhi kwetu, mwenyewe akarudi Butembo alikowaacha wadogo zake Kavira. Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Kavira alifika na mfuko mmoja wa plastiki. Ndani mlikuwa na sare yake ya shule, bluu na nyeupe, basi.

Na alifika na njaa.

Jamani, yule mtoto alikula! Bundu, yaani ugali wa muhogo, sombe ya majani yake, samaki wa ziwani Hamukungu mpaka kichwa, mpaka macho. Alikuwa akila huku ameinama, mkono mmoja umezunguka sahani. Mama alikuwa anakaa kumtazama tu, amefurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. Alisema mbele ya kila mgeni: "Huyu ndiye mutoto. Anakula, anashukuru. Si kama Biira wangu, anadonoadonoa kama kifaranga." Tangu dada yangu mkubwa aolewe Kasese nimekuwa mtoto wa kike peke yangu humu ndani, na sasa nikawa kifaranga.

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kavira hakungoja siku ya tatu. Siku ya pili alikuwa ameshateka maji, amefagia stoo, amewasalimu majirani wote kwa magoti. Sikuwa na pa kumshika. Isipokuwa kwenye kula.

Nikaanza kumwita Gunia.

Nilianza kidogo, kwa utani, nikiwa nacheka. "Gunia, nipishe." "Gunia limejaa?" Ilinoga. Jina likatoka jikoni likaingia stoo, na wanawake wanaochagua kahawa wakalidaka. Hata Baba alilitumia mara moja, nikajisikia mwenye kipaji. Kavira naye alikuwa anacheka. Nilijiambia kwamba akicheka haimuumi.

Kisha ikaja Jumamosi ya mizani. Stoo imejaa wakulima wanangoja zamu, mimi nimechangamka, ulimi unaniwasha. Nikafunga gunia tupu kwa kamba kwenye ndoano, likawa bembea, nikakaa ndani, miguu juu. Arobaini na tisa! Watu wakapiga makofi. Kisha nikasema, sasa tulete gunia la Kongo. Kavira akakataa, akarudi nyuma, Mama Mbusa, mkuu wa wachaguzi, akamsukuma kwa makalio huku anacheka. Kavira akakaa ndani ya gunia, mikono imefunika uso. Mshale ukaenda. Mimi nikatangaza kwa sauti ya Baba kabisa: "Hamsini na saba! Unyevu bado haujapimwa!"

Stoo nzima ililia kwa kicheko. Nikachukua chaki nikaandika nyuma ya mlango: BIIRA 49, GUNIA 57. Baba akafuta machozi ya kucheka kwa mkono wa shati. Nakumbuka nilivyofurahi, na sitadanganya kwamba sikufurahi.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituandikisha methali hiyo mara hamsini, sikuisikia hata moja.

Hapa lazima nieleze tunavyokula, maana bila hivyo sitaeleweka. Kwetu wasichana wanakula sahani moja. Bundu linakaa katikati, kila mmoja anamega upande wake, mchuzi ni wa wote. Kumpa mtu sahani yake peke yake ni kama kumwambia ana ugonjwa, au ni mchawi. Kwa hiyo Mama haoni nani amekula kiasi gani. Anaona sahani inarudi jikoni. Ikirudi imekauka, anashukuru Mungu, watoto wameshiba.

Jioni ya ile Jumamosi Kavira alimega tonge moja. Kisha akausukuma upande wake kwangu kwa kidole, taratibu, bila kuniangalia.

Nikala.

Kesho yake vilevile. Nyama yake nikala, kichwa cha samaki nikala. Sahani zikarudi zimekauka, na Mama akaanza wimbo mpya: "Tazameni Biira! Amefuata mufano wa mwenzake. Sasa amepata kinywa!" Alinishika mashavu mbele ya jirani. Sikuwa nimeshikwa mashavu tangu nikiwa mdogo. Nikala zaidi. Nilikuwa nakula nimeshiba, nakula tumbo likiuma, halafu namtazama Mama kama ameona.

Miezi miwili ikapita hivyo. Sketi ya Kavira ikawa inafungwa kwa kamba ya katani. Mifupa ya shingo ikatokeza. Alianza kujifunika sweta hata jua la saa saba, anasema baridi. Sisi tunaoishi naye hatukuona, au tulikubaliana kutoona, sijui. Aliyeona ni mke wa katekista, akamwambia Mama baada ya misa, mbele ya watu: "Mama Biira, watu wanasema unamunyima mutoto wa mudogo wako."

Mama alitembea hadi nyumbani kama anayemfukuza mwizi. Ungemjua Mama ungeogopa.

Hakumuuliza Kavira ana nini. Hapana. Mama aliulizwa na watu, na watu ndio angewajibu. Akatoa amri: kila Jumamosi Kavira atapimwa stoo, mlango wazi, wachaguzi na wakulima waone kwa macho yao kwamba mtoto anapata kilo. Na mimi ndiye msomaji wa mizani, kama kawaida. Wiki ya kwanza akakaa kwenye lile gunia, mshale ukasimama arobaini na tano. Mama akashika kichwa. Baba alisema ni malaria, ni mawazo, atapona. Mama akaongeza nyama kwenye sahani yetu, na upande wa Kavira ukawa mnono zaidi, na mimi nikaula.

Wiki ya pili nilikuwa namfunga kamba ili asianguke. Mkono wangu ukapita kiunoni mwake juu ya sweta.

Jiwe.

Vidole vyangu havikosei. Jiwe la mtoni, laini, pembeni yake jingine, na jingine, yamepangwa kuzunguka kiuno ndani ya mkanda wa kitambaa. Kavira aliinua uso. Tulitazamana. Alikuwa na macho makubwa sana wakati huo, uso ulikuwa umebaki macho tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Wachaguzi walikuwa hapo, Baba hapo, Mama hapo mikono kifuani anasali.

"Arobaini na sita, Mama!" nikasema, nikaandika mlangoni.

Mama akapiga vigelegele. Nani angemuumiza mama yake wakati anapiga vigelegele? Hivyo ndivyo nilivyojitetea siku ile. Ukweli ni kwamba nilipiga hesabu haraka: ikijulikana, sahani itagawanywa. Nitarudi kuwa kifaranga, na nyama itakuwa nusu. Mtoto wa Baba asiyedanganyika akaamua kudanganya wengine.

Nikasoma hivyo wiki baada ya wiki. Mawe yakaongezeka, mimi nikayapapasa, nikatangaza. Hatukuwahi kuzungumza juu yake, hata mara moja. Usiku nililala naye kitanda kimoja na goti lake lilikuwa linanichoma mgongoni.

Sasa leo.

Kwa sababu ya mvua wakulima hawakuwa wengi, labda sita, pamoja na wachaguzi. Kavira akapanda. Arobaini na nane. Mama alifurahi mpaka akapitiliza. Akatangaza kwamba mtoto amepona, muhula ukifunguliwa atapelekwa shule ya bweni Kasese, kila kitu kiko tayari. Nikaona Kavira ameikaza mikono kwenye kamba. Bweni Kasese, ambako hakuna wa kumlia upande wake na hakuna wa kumtazama. Nikafikiri: sasa sema, Biira, sema. Badala yake nikachukua chaki nikaandika mlangoni.

Mama, kwa furaha hiyohiyo, akanigeukia. "Na wewe ingia! Watu waone watoto wangu wote."

Nilikataa. Mama Mbusa akanisukuma kwa makalio yaleyale. Nikakaa kwenye gunia, nikafunika uso, na sikuhitaji mtu kunieleza Kavira alijisikiaje siku ile. Baba akasoma mwenyewe. "Makumi sita na moja."

Kicheko. Mmoja akasema huyu sasa anafaa kupelekwa kiwandani. Baba hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma ya mlango, kwenye chaki yangu. Arobaini na tisa, sasa sitini na moja. Na Kavira naye anapanda. Sahani moja, bundu moja, unga uleule. Baba hakusoma sana, lakini amenunua kahawa miaka ishirini, na anajua kilo haitoki hewani.

Alimwendea Kavira bila haraka. Alimpapasa kiunoni mara moja tu, kama alivyonifundisha mimi. Kisha akasema kwa sauti ya kijeshi aliyoipata zamani akiwa mlinzi: "Vua sweta."

"Papa, nakuomba..."

"Vua!"

Hakuna aliyesema mtoto wa kike asivuliwe mbele ya watu. Mama mwenyewe ndiye aliyemvuta sweta kichwani. Mkanda ukakatika, mawe yakaanguka sakafuni moja moja, na kila moja lilisikika. Mikono ya yule mtoto, sijui niseme nini. Unaona kiwiko, halafu unaona mfupa, halafu hakuna kingine.

Mama Mbusa ndiye aliyesema kwanza. "Wee! Hata mutoto wa Kongo anatutilia mawe!" Na watu wakacheka, nakuapia, wakacheka tena, kwa sababu kwenye stoo ya kahawa jiwe ni kitu cha kuchekwa. Mama akamzaba Kavira kofi. Akamwita mwongo, akamwita mtoto wa aibu, akamuuliza ni nani amemtuma kuja kumharibia jina. Kofi lilikuwa kwa ajili ya mke wa katekista, likamwangukia Kavira.

Kisha Mama akanigeukia. "Wewe unapapasa magunia. Ulijua?"

Kavira akadakia kabla sijafungua mdomo. "Ni miye peke yangu, Mama mukubwa. Yaya haiko na kosa." Yaya ndiyo dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao.

"Sikujua," nikasema.

Baba alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko anavyomtazama mkulima mwongo. Akaning'iniza lile gunia upya, akamnyanyua Kavira akamkalisha ndani mwenyewe. Akaniambia nisome.

Nikasoma. Arobaini na moja.

Mama akaketi juu ya gunia la kahawa akaanza kulia, wachaguzi wote wakamkimbilia, pole mama, pole sana. Wote walimtazama yeye. Ni mimi peke yangu niliyekuwa namtazama Kavira ndani ya bembea, alama ya kofi shavuni, shingo ameigeuza ili auone mshale vizuri.

Alikuwa anatabasamu.

Baba akaniamuru niyabebe mawe niyarudishe mto Lhubiriha, yalikotoka. Kilo saba. Nilienda na mvua yangu. Kila jiwe lilikuwa limefungwa kitambaa ili lisigongane na mwenzake, na kitambaa kilikuwa cha bluu na cheupe. Alikuwa ameichana ile sare. Nililia pale mtoni, nalisema hilo bila kujisifu, maana nililia nikiwa nimeshiba. Kisha nikayatupa moja moja na vitambaa vyake.

Jioni Mama ametugawia sahani mbili, kila mmoja yake, kwa mara ya kwanza. Akakaa mbele ya Kavira, mkono shavuni. "Kula." Kavira akatia tonge mdomoni akaliacha hapo, shavu limevimba, machozi yanapita kando yake. "Meza." Hakumeza. Na mimi? Sahani yangu niliimaliza kabla yao. Nikajikuta nakodolea macho sahani yake. Nilikuwa nimeyaona hayo yote leo, na bado mkono wangu ulikuwa unauangalia upande wake.

Baadaye tulikuwa tunaosha vyombo nyuma, mvua imepungua, tumeinamia beseni moja. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno, hata ya Kiswahili cha kwao, ili yamwingie. Akanitangulia.

"Yaya, uliona? Makumi ine na moja." Alinong'ona kama anayenipa siri nzuri. "Siku ile wewe ulikuwa makumi ine na kenda. Sasa miye haiko tena gunia."

Nikamwambia niliona.

Akanikagua kuanzia miguuni hadi usoni, polepole, na hakukuwa na chuki hata chembe machoni mwake. Ingekuwepo ningeshukuru. Akaweka mkono wake wenye povu juu ya mkono wangu, ule mkono wa mifupa.

"Wewe usiogope, yaya. Miye nitakufundisha."

Aibu yangu kubwa kuliko zote sijaiandika bado, basi naiandika: nilipomsikia, kwa muda mfupi nilifarijika. Sitini na moja ilikuwa inanipigia kelele kichwani tangu mchana, na huyu hapa mtu wa kunisaidia.

Kesho, kabla Mama hajafunga kilemba cha kwenda misani, nitamwambia kwamba nilijua tangu wiki ya pili. Nitamwambia jina la Gunia nililitunga mimi, na nyama ya mtoto wa mdogo wake niliila mimi. Atanipiga, na apige. Baba nitamwambia aivunje ile bembea, na Kavira apelekwe kwa daktari, siyo kwenye mizani. Nimeyaandika hapa ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Lakini Kavira amelala sasa, goti lake liko mgongoni mwangu, na najiuliza: nikishasema yote, nani atamwambia mtoto huyu kwamba hakushinda?